Kleinia ya kuning'inia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuipanda na kuitunza

Ukurasa huu unahusu mmea mmoja, Kleinia petraea, wenye majani manene ya kijani, unaotambaa ukiwa chini na kuning'inia ukiwa kwenye chungu. Nimeuchagua kwa sababu ni wa kwetu. Asili yake ni Kenya na Tanzania, kwenye mawe ya nyanda za juu, na bado wapo wengi wanaoununua wakiamini umeletwa kutoka ng'ambo. Majibu mengi hapa chini yanaanzia kwenye mwamba huo, maana ukielewa mmea unavyoishi kule, utajua unataka nini kwenye baraza yako.

Nitautambuaje?

Shina ni nene, lina maji, na mwanzoni husimama kidogo kabla ya kulemewa na uzito na kuanza kushuka. Majani ni bapa, yamejaa, membamba kwenye shina na mapana kwenye ncha, na kingo zake mara nyingi zina wekundu au zambarau.

Watu huuchanganya na mimea miwili ya Afrika Kusini: Crassula ovata, ambayo husimama ikawa kichaka chenye shina gumu, na Portulacaria afra yenye vijani vidogo vya mviringo na matawi ya hudhurungi. Ukitaka uhakika, angalia majani yalivyojipanga. Ya mimea hiyo miwili hutoka mawili mawili, yakitazamana pande mbili za tawi. Ya kleinia hutoka moja moja, yakilizunguka shina. Hakuna haja ya kungoja maua.

Mbona wengine wanauita Senecio?

Ni mmea uleule. Mtaalamu wa Uingereza, Gordon Rowley, aliuita Senecio jacobsenii kwa heshima ya Hermann Jacobsen wa bustani ya mimea ya Kiel, Ujerumani. Baadaye ukahamishiwa kundi la Kleinia, lakini wauzaji wengi wameng'ang'ania jina la zamani. Ukikuta lolote kati ya hayo mawili kwenye kibandiko, nunua bila wasiwasi.

Unataka jua kiasi gani?

Mwanga mwingi. Jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano linaupendeza sana, kisha kivuli chepesi mchana. Mmea uliozoea unaweza kuvumilia jua la siku nzima katika miji ya baridi kama Njombe, Limuru au Nakuru, ila ule uliokulia chini ya neti ya kitalu usiutoe juani siku moja. Majani yataungua na kubaki na mabaka ya rangi ya maziwa yasiyofutika. Usogeze taratibu kwa wiki mbili au tatu.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Maelekezo ya utunzaji yaliyoandikwa Ulaya au Marekani husema weka mmea kwenye dirisha la kusini. Kwao ni sahihi, kwa kuwa jua lao liko kusini mwaka mzima. Kwetu karibu na ikweta jua linahama: mwezi wa Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Dar es Salaam na Mbeya, dirisha la kusini halipati jua kabisa kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Chagua upande wa mashariki, ambao hupata jua la asubuhi Januari hadi Desemba. Ukikosa mashariki, magharibi inafaa, mradi kuwe na pazia jepesi au mti wa kukata makali ya saa nane na saa tisa.

Nimwagilie mara ngapi?

Hili ndilo swali linaloua mimea mingi, kwa sababu anayeuliza anataka kupewa siku, na mmea haujui Jumatatu wala Alhamisi.

Fikiria ulikotoka. Mvua inanyesha juu ya jabali, maji yanateremka, kile kidogo kilichobaki kwenye nyufa kinakauka ndani ya muda mfupi. Mizizi inakunywa kwa pupa, majani yanajaa, halafu ukame unaingia na mmea unaishi kwa akiba yake. Iga mpangilio huo. Ukimwagilia, mwagilia kwelikweli, mpaka maji yatoke chini ya chungu. Kisha uache hadi udongo ukauke wote, hata kule chini. Kikombe kidogo cha maji kila asubuhi ni kibaya kuliko ndoo nzima mara moja kwa wiki mbili, kwa sababu kinaacha mizizi kwenye unyevu usiokwisha, na kwenye unyevu huo ndiko kuoza kunakoanzia.

Kujua kama udongo umekauka, tumia kijiti cha mishikaki. Kichomeke hadi karibu na kitako cha chungu, kiache kwa dakika chache, kichomoe. Kikitoka na udongo umekishika, au ukikigusa na mdomo ukahisi ubaridi, ngoja. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia. Njia nyingine ni kukinyanyua chungu mara baada ya kumwagilia, ukumbuke uzito wake. Baada ya majuma machache mkono wenyewe utakuambia.

Kwa makadirio tu: kipindi cha joto na ukavu, siku 7 hadi 10. Juni hadi Agosti katika miji ya baridi, wiki tatu au zaidi. Wakati wa masika, kama chungu kiko nje kinanyeshewa, usiongeze hata tone, na mvua ikikaza usogeze chini ya paa. Kisahani kilichoko chini kimwage baada ya nusu saa.

Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa?

Yanafaa kwa shida. Ukitumia ya chumvi siku zote utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, na ncha za majani zitakauka. Wenye visima vya pwani wakinge maji ya mvua kila wanapoweza, na mara moja moja wayapitishe mengi kwenye chungu ili kusafisha chumvi iliyorundikana.

Nitumie udongo gani?

Udongo unaopitisha maji haraka. Mchanganyiko rahisi ni sehemu moja ya udongo wa bustani, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, na sehemu moja ya kokoto ndogo, changarawe au yale mawe mepesi ya volkeno yanayopatikana Bonde la Ufa. Samadi iliyooza vizuri, konzi moja au mbili kwa chungu kikubwa, inatosha. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Na kama unaishi penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua, uache hapo ulipo na utafute mwingine.

Ukishachanganya, jaza kopo lenye matundu umwage maji juu. Yakituama na kuzama polepole, ongeza kokoto.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanauzwa sana siku hizi na ni mazuri kwa miche ya mboga. Kwa mmea huu ningeyatia kidogo au nisitie kabisa, kwani yanashika maji muda mrefu, na yakikauka sana yanagoma kulowana tena.

Niweke mawe chini ya chungu ili maji yatoke vizuri?

Hapana, ingawa ushauri huu umeenea mno. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa. Yanabaki yameshikiliwa kwenye udongo ulio juu ya mawe, hivyo sehemu yenye unyevu inasogea karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja kilichovunjika cha kuzuia udongo usimwagike tunduni kinatosha. Hizo kokoto zichanganye ndani ya udongo, huko ndiko zinakofanya kazi.

Chungu gani ni bora?

Cha udongo wa kuchomwa, kwa kuwa kinapumua na kukauka haraka. Ila kikijaa ni kizito, na mmea huu ni wa kuning'inizwa, kwa hiyo wengi hutumia plastiki. Si vibaya, mradi umwagilie kwa nafasi zaidi. Makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka mdomo na madumu yaliyokatwa yote yanafaa. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari uliopashwa moto. Chungu kisicho na tundu, hata kiwe kizuri namna gani, kitumie kama ganda la nje tu.

Usichague kikubwa kupita kiasi. Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji bila wa kuyanywa. Upana wa vidole viwili kati ya mmea na ukingo ni nafasi nzuri ya kuanzia.

Kuhusu kuning'iniza: chungu kilichotoka kumwagiliwa ni kizito kuliko ulivyokizoea, na majani yenyewe yamejaa maji. Funga ndoano kwenye boriti au ukutani kwa skrubu na plagi, kamwe si kwenye dari ya jipsamu. Na kama uko ghorofani, kabla ya kumwagilia angalia kama jirani wa chini ameanika nguo.

Majani yamenyong'onyea na kukunjamana. Ni kiu?

Labda. Majani yaliyokunjamana maana yake hayapati maji, na sababu ni mbili zilizo kinyume kabisa: ama udongo umekauka, ama mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa hata ikiwa imezungukwa na maji. Mtu anayekimbilia kopo la maji kabla ya kuangalia anaweza kuumaliza mmea uliokuwa unapona.

Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu na shina ni gumu, ni kiu, mwagilia, na kwa siku mbili au tatu majani yatajaa. Ukiwa na unyevu, minya shina pale linapoingia ardhini. Likibonyea, limegeuka jeusi au lina uvundo, mizizi imeoza. Usipoteze muda kuitibu. Kata matawi mazima juu ya sehemu iliyooza, endelea kukata mpaka ndani ya shina paonekane kijani kisafi bila duara la kahawia, kisha uyapande upya kama nitakavyoeleza chini. Udongo wa zamani utupe na chungu ukioshe kwa sabuni.

Majani mawili matatu ya chini kukauka na kudondoka ni uzee. Hilo lisikusumbue.

Yamegeuka zambarau. Unaumwa?

Hapana. Baridi na jua kali huleta rangi hiyo, hasa Juni na Julai huko juu. Wengine huutafuta mmea huu kwa sababu ya zambarau hiyo. Ukiupeleka kwenye kivuli, kijani kitarudi.

Shina limerefuka, majani yameachana, na juu ya chungu pamebaki kipara. Nifanyeje?

Mmea unatafuta mwanga. Usogeze kwenye mwanga zaidi, ila ujue kwamba sehemu iliyokwisha kurefuka haitajifunga tena. Kata matawi hayo yabaki mafupi. Chini ya kila mkato zitachipua ncha mpya, mara nyingi zaidi ya moja, na chungu kitajaa. Vile vipande ulivyokata, uvipande palepale penye kipara.

Sababu nyingine ya kipara ni mahali chungu kilipo. Kikining'inizwa karibu sana na dari, majani ya pembeni hupata mwanga wa dirishani na yale ya juu hubaki gizani. Kishushe kidogo.

Nauzalisha vipi?

Kwa kipande cha shina, na ni kazi rahisi mno hata kwa asiyewahi kupanda chochote. Kata ncha yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 kwa kisu kikali na kisafi. Ondoa majani ya chini, mawili au matatu. Kisha kilaze kipande kivulini, penye hewa, siku mbili hadi nne. Usiiruke hatua hii. Ule mkato ni kidonda kibichi, na kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye unyevu huingiza ukungu. Kikishakauka kinakuwa na utando mgumu, wa rangi ya kijivu, ambao ukiupitishia ukucha hautoi maji. Hapo kimekuwa tayari.

Kichomeke kwenye mchanganyiko uleule, ukiwa na unyevu kidogo tu, uweke penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Usikivute kila siku kuona kama kimeshika. Baada ya wiki mbili au tatu kivute kwa upole, na kikigoma kutoka kina mizizi. Angalia pia shina la mmea mkubwa unaogusa ardhi: mara nyingi utakuta vijizizi vyeupe vimeshatoka kwenye maungio ya majani. Tawi kama hilo lilaze juu ya udongo wa chungu kingine, lishikize kwa waya uliokunjwa, na baadaye ukate.

Panda vipande vitano au sita kwenye chungu kimoja. Kipande kimoja kitachukua muda mrefu kukipendezesha chungu.

Unatoa maua?

Ndiyo, ya rangi ya chungwa iliyokoza, juu ya kikonyo kirefu. Ni wa jamii moja na alizeti, lakini vichwa vyake havina zile petali za pembeni, ni vishada tu vya viua vidogo vilivyobanana. Harufu yake haipendezi. Ikikukera, kata vikonyo. Mmea uliokaa gizani au kulishwa mbolea nyingi huweza kupita mwaka bila ua.

Nimeona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani.

Ni vidung'ata. Wananyonya utomvu, na kwenye mmea huu wana mahali pazuri pa kujificha kwa sababu majani yamebanana. Utenge na mingine siku hiyohiyo. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja, kisha rudia kila baada ya siku tano au sita kwa mwezi mzima, maana mayai yaliyobaki yataanguliwa. Wakiwa wengi, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo au mafuta ya mwarobaini, jioni, si juani.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye chungu, chunguza zaidi. Sisimizi hula majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata, nao huwalinda. Na mmea unaodhoofika bila mdudu kuonekana juu, utoe kwenye chungu uangalie mizizi: wapo vidung'ata wanaoishi udongoni, na huacha unga mweupe.

Mbolea?

Kidogo. Mbolea ya maji yenye nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, mara mbili au tatu kwa mwaka, kipindi cha joto. Urea na mbolea nyingine kali za nitrojeni zitakupa shina refu, laini, linalovunjika.

Ni sumu kwa watoto na wanyama?

Uchukulie kuwa ni sumu. Mimea mingi ya ukoo huu ina kemikali zinazodhuru ini, na paka, mbwa na mbuzi wanaweza kudhurika. Ning'iniza pasipofikiwa, na unapokata matawi usiyatupe penye mifugo. Utomvu unaweza kuwasha ngozi, hivyo nawa mikono. Mtoto akimeza, mpeleke kituo cha afya na uchukue kipande cha mmea ukawaonyeshe.

Niko pwani, joto na unyevu ni vingi. Utaishi?

Utaishi, ila si kwa wepesi kama Arusha au Nairobi. Tatizo la Mombasa, Tanga, Unguja au Dar si joto peke yake, bali usiku wenye joto na hewa iliyojaa maji, ambapo udongo hukauka polepole. Ongeza kokoto kwenye mchanganyiko, tumia chungu cha udongo, na weka mahali upepo unapopita. Ukiwa ufukweni kabisa, jihadhari na upepo wa kusi unaorusha chumvi ya bahari juu ya majani. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara moja moja. Walioko Muscat au Dubai wauweke ndani penye mwanga wakati wa kiangazi, mbali na mkondo wa kiyoyozi.

Niko Ulaya. Majira ya baridi nifanyeje?

Uingize ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10 hivi. Jalidi inauua. Hapo sasa dirisha la kusini ndilo lako, mbali na hita. Siku ni fupi na mmea haukui, kwa hiyo maji mara moja kwa mwezi yanatosha. Utoe nje tena mwishoni mwa Mei, kwanza kivulini.

Ule wa vijani vya duara kama shanga unatunzwa vivyo hivyo?

Huo ni Curio rowleyanus, wa Afrika Kusini. Kanuni ni zilezile, ila ni mwepesi kuoza zaidi, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na shina ni jembamba mno. Upande kwenye chungu kifupi. Ukiangalia kila shanga kwa karibu utaona mstari unaopitisha mwanga: ni kidirisha cha kuingiza nuru ndani ya jani. Sehemu ya juu ya chungu ipate mwanga, la sivyo nyuzi zitaoza kuanzia hapo. Kama hujawahi kutunza mimea ya aina hii, anza na kleinia.

Naweza kuuchimba mlimani?

Usichimbe. Udongo uliomo kwenye ufa wa jabali ni kidogo sana, na ukiung'oa mmea mzima unaondoka nao, pakabaki jiwe tupu. Kipande cha kidole kutoka kwa jirani kinakupa mmea uleule bila kuharibu kitu.

Ndugu yangu yuko Ulaya. Naweza kumtumia kipande kwenye bahasha?

Hapana. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu mimea yote ya kupanda inayotoka nje, na kipande kisicho na cheti kinaweza kutaifishwa na kuharibiwa. Kenya cheti hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na Tanzania na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Uliza masharti yao kabla hujakata kipande, kwa kuwa mmea wenyewe hukaguliwa, na hautakiwi kuwa na udongo kwenye mizizi. Kwa kipande kimoja tu, ni rahisi zaidi ndugu yako aulizie madukani huko huko aliko, kwa jina la Senecio jacobsenii.